Fungu la Mwenye Jasho

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Ijumaa, walitujia vijana watano mafundi seremala wakatuomba tuwaamulie. Miaka miwili nyuma walikodi kibanda wakafungua karakana. Ami wa mmoja wao alitoa fedha zilizonunua mashine ya kuranda na msumeno wa umeme. Waliobaki walileta randa zao, patasi zao na mikono yao. Kazi ikapatikana: milango, vitanda, makabati, na mwaka jana madawati ya madrasa moja. Basi aliyeleta fedha za ami yake akawa ndiye ashikaye mfuko, kisha ndiye apangaye bei, kisha ndiye aamuaye kila Alhamisi jioni nani apewe nini. Wenziwe wakaanza kumwita "tajiri", kwanza kwa mzaha, halafu bila ya mzaha. Siku moja aliagiza mbao kwa mkopo pasina kumwuliza mtu; mbao zikaja mbichi, zikapinda, na hasara yake akaikata katika mafungu ya wote. Hapo ndipo maneno yalipochacha na mikono ikakaribia kuinuliwa.

Suala walilotuuliza lilikuwa fupi: karakana hii ni ya nani?

Nasi tukawauliza: fedha za ami yenu zilikuwa deni, zawadi, au mtaji wa kugawana faida? Mmoja akasema ni deni, wa pili akasema ni sadaka, na mwenye ami akasema, "Hizo ni fedha za nyumbani." Hapana aliyeandika hata herufi moja. Tukawaambia warudi baada ya wiki mbili pamoja na ami mwenyewe. Tena tukaona jambo hili tulilete katika ukurasa huu, kwani twajua kuwa hawako peke yao. Katika kila mtaa wa miji yetu wapo vijana walioanza pamoja kwa mapenzi wakaachana kwa uadui, na sababu si uchache wa faida. Mara nyingi ugomvi huanza pale faida inapoonekana.

Ama dini yetu haikuliacha jambo hili gizani. Wanachuoni wameandika milango mizima ya ushirika katika vitabu vya fiqhi, na mwanafunzi asomaye hadi mlango wa sharika ataona kwamba ndani yake mna mambo yanayomhusu fundi na mvuvi kama yanavyomhusu tajiri wa maduka. Qur'ani, katika kisa cha Nabii Daud kilichomo katika Sura Sad, imetanabahisha kuwa washirika wengi huoneana. Na katika Hadithi Mwenyezi Mungu ametuahidi kuwa pamoja na washirika wawili maadamu hapana mmoja wao aliyemfanyia mwenziwe khiyana. Hayo mawili yakiwekwa pamoja, mtu afahamu kuwa ushirika una baraka na una hatari.

Katika aina za ushirika, iliyo wazi kabisa ni mudharaba. Mmoja atoa mali, mwingine atoa kazi, na faida wagawana kwa sehemu waliyoafikiana tangu mwanzo: nusu kwa nusu, au theluthi, au vinginevyo. Haifai mwenye mali kujiwekea kiasi maalumu cha fedha, faida ije isije. Na hasara ikitokea bila ya uzembe wala khiyana, mwenye mali apoteza mali yake na mwenye kazi apoteza jasho lake. Tazama uadilifu uliomo humo! Mwenye mali hawezi kusema, "Mimi nirudishiwe changu kamili na ziada yake, na hasara iwe yako." Kusema hivyo ndiko kuielekea riba.

Iko pia aina ambayo wanachuoni wamekhitalifiana, nayo ndiyo iwahusuyo khasa vijana wetu: ushirika wa miili, yaani watu wasio na mali kushirikiana kazi za mikono yao na kugawana wachumacho. Madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, hayaujuzishi. Husema kila mtu astahiki ujira wa kazi yake mwenyewe, na kuzichanganya kazi mbili zisizopimika ni kuingia katika jambo lisilojulikana. Mahanafi na Mahanbali wameujuzisha, na Mamaliki pia kwa masharti yao. Waliojuzisha hutaja khabari ya Ibn Masud, Ammar na Saad (r.a.) walioshirikiana katika watakachokipata siku ya Badri, Saad akaja na mateka wawili, wenziwe hawakupata kitu, na ushirika wao ukabaki. Hatuleti khitilafu hii ili kumtia mtu shaka katika madhehebu yake. Twaileta ili ionekane kwamba hofu ya wanachuoni wetu wa Kishafi ilikuwa ni kutojulikana kwa haki, na hilo ndilo lililoiangusha karakana ya vijana watano. Anayefuata kauli ya kujuzisha asiidharau hofu hiyo. Aipime kazi, aiandike, aigawe mbele ya macho ya wote.

Wazee wetu wa baharini walikuwa na njia yao, na ingalipo katika bandari nyingi hata leo. Chombo kirudipo kutoka uvuvini, kwanza hutolewa gharama za safari: chakula, barafu, na mafuta ikiwa kina mashine. Kilichobaki hukatwa mafungu. Chombo kina fungu, nyavu zina fungu, nahodha ana lake, na kila baharia ana lake. Hesabu hutofautiana kutoka bandari hadi bandari, lakini kanuni ni moja: samaki wakiwa wengi wote hushiba, wakiwa hawakupatikana wote hulala na njaa, naye mwenye chombo pamoja nao. Tusiisifu kupita kiasi. Mafungu ya chombo na nyavu yanaweza kumeza zaidi ya nusu ya mavuno, na baharia aliyekopa kwa mwenye chombo wakati wa kusi huweza kuvua miezi akilipa deni asilolielewa. Hata hivyo, hesabu hufanywa pale pale ufukoni, mchana, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuifuata kwa vidole. Karakana yetu haikuwa na ufuko wa namna hiyo. Mfuko ulikuwa mmoja, na aujuaye alikuwa mmoja.

Baadhi ya wasomaji watasema: mambo haya yafaa kwa watu watano, lakini mtaji mkubwa wapatikana wapi ikiwa benki zatoa mikopo ya riba? Swali hili ni la haki. Wako Waislamu wengi walioviepuka vyama vya akiba na mikopo kwa kuogopa riba, nasi hatuwalaumu kwa kuogopa kilichoharamishwa. Twawalaumu kwa kuishia hapo. Kukimbia haramu bila ya kujenga halali kumewaacha wengi wetu mikononi mwa mtu mbaya zaidi kuliko benki, yule wa mtaani akopeshaye kwa rehani ya pete na cherehani.

Misri walilikabili jambo hili. Mwaka 1963, katika mji wa Mit Ghamr ulioko katika nchi ya mto Nile huko kaskazini, Dk. Ahmad al-Najjar alifungua benki ya akiba. Alikuwa amesoma Ujerumani, akaziona benki ndogo za akiba za miji ya huko zinavyokusanya senti za watu wa kawaida na kuzirudisha katika kazi za mji ule ule. Wakulima wa Misri walikuwa hawakaribii benki. Akiba zao zilikuwa dhahabu na fedha zilizofichwa nyumbani. Al-Najjar aliwapa namna tatu. Wa kwanza aliweka akiba yake asipate ziada yoyote, lakini kwa kuwa ni mwekaji alikuwa na haki ya kukopeshwa kiasi kidogo, bila ya riba, kwa kazi yenye kuzalisha. Wa pili aliweka kwa nia ya kuchuma, na fedha zake zikaingizwa katika biashara na viwanda vidogo kwa ushirika wa faida na hasara. Namna ya tatu ilikuwa mfuko wa zaka na misaada. Kwa ajili ya hali ya siasa ya wakati ule hakuipigia kelele benki yake kuwa ni ya Kiislamu. Aliacha kazi iseme.

Ikasema. Waliojiunga katika mwaka wa kwanza walikuwa 17,000 na ushei, na kufikia 1967 walizidi 250,000, kwa jumla ya matawi yaliyoenea katika miji mingine. Kisha mwaka huo huo wa 1967 serikali ikazitwaa benki hizo, zikatiwa chini ya benki kubwa za nchi na kurudishwa katika riba. Jambo lenyewe lilidumu miaka minne tu. Lakini mwaka 1971 serikali ya Misri yenyewe iliunda Benki ya Jamii ya Nasser isiyotoza riba, na mwaka 1975 zikaanza Benki ya Kiislamu ya Dubai na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu huko Jidda. Leo benki za namna hiyo zimo hata Kenya na Tanzania. Sisi twazikaribisha, ila hatufichi masikitiko yetu: nyingi katika hizo zimeiga majengo marefu na wateja wakubwa, na mkulima wa Mit Ghamr mwenye haja ya ng'ombe mmoja wa kukamua si rahisi kumwona katika foleni zao. Akina mama zetu wachezao upatu, kumi wakitoana kila mwezi bila ya hati wala wakili, wako karibu zaidi na alichokitaka al-Najjar.

Hata hivyo mtaji si shida peke yake. Vijana wetu walikuwa na mtaji. Walichokosa ni sauti. Hapa yatubidi tuvuke bahari, na msomaji asishangae tukimtaja padri wa Kikatoliki, kwa kuwa jambo jema halikataliwi kwa sababu ya mlango lilikotokea.

Katika nchi ya Wabaski, kaskazini ya Hispania, mna mji mdogo wa milimani uitwao Mondragón. Mwaka 1941, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyowaacha watu katika ufukara, alipelekwa huko padri kijana aitwaye José María Arizmendiarrieta. Hakuanza na kiwanda. Mwaka 1943 alianza na shule ya ufundi. Mwaka 1956, vijana watano waliolelewa katika mafunzo yake walifungua kiwanda wakakiita Ulgor, wakitengeneza majiko. (Tulipowaambia mafundi wetu kuwa nao walikuwa watano, walicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.) Mwaka 1959 kikaongezwa chombo cha kuweka na kukopesha fedha, Caja Laboral. Hicho huendeshwa kwa riba, wala hatumwiti Mwislamu akiige katika hilo. Leo katika umoja huo mna vyama vingi vya viwanda, maduka na elimu, na wafanyao kazi ndani yake ni watu wapatao 70,000 na zaidi.

Kinachotuvuta ni namna wanavyotawalana. Kila mwanachama anayefanya kazi ana kura moja katika mkutano mkuu, awe mhandisi au mfagizi, na awe ameweka fedha nyingi au chache. Mkutano ndio uchaguao baraza, na baraza ndilo limwajirilo meneja. Meneja aamrisha kazi mchana, lakini hao awaamrishao wanaweza kumwondoa. Anayeingia hutoa mtaji wake wa kuingilia, na akiwa hana fedha taslimu hukatwa kidogo kidogo katika malipo yake. Mwanzoni mshahara wa juu kabisa haukuruhusiwa kuzidi mara tatu ya ule wa chini. Baadaye mpaka huo ulipandishwa, na katika vyama vingi wastani wake leo ni kama mara sita. Katika makampuni makubwa ya dunia, mkuu hupata mara mia na mamia ya mshahara wa mtu wa chini, na hapana anayeona haya.

Wala si pepo. Mwaka 1974 palitokea mgomo ndani ya Ulgor juu ya kupangwa kwa vyeo vya kazi, na waliouongoza walifukuzwa na chama kilichokuwa chao wenyewe. Mwaka 2013, Fagor, mrithi wa Ulgor na mtengenezaji wa vyombo vya nyumbani, ilifilisika. Wanachama waliokuwa wameweka akiba zao humo walizipoteza, ingawa wengi wao walipatiwa kazi katika vyama vingine vya umoja ule, jambo ambalo mfanyakazi wa kampuni ya kawaida haliotei. Na walipofungua viwanda katika nchi za nje, waliowaajiri huko kwa sehemu kubwa wamebaki kuwa vibarua wasio na kura. Aib hiyo tumeitaja makusudi, na tutairudia.

Kwetu Afrika Mashariki tulikuwa na vyama vya ushirika kabla ya Mondragón kuwa na kiwanda. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU pale Moshi. Wakulima wa pamba wa kandokando ya ziwa Victoria waliunganisha vyama vyao mwaka 1955, ili mizani ya kupimia pamba iwe yao na mnunuzi asiwaibie ratili. Vyama hivyo vilisomesha watoto na kujenga maghala. Vilevile viliibiwa na makatibu wao, na hesabu zikawa ndefu mno kwa mkulima kuzifuata. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivifuta vyama vikuu na kuziweka mamlaka za mazao mahali pake. Mwaka 1982 ikatunga sheria ya kuvirudisha. Mkulima hakuulizwa vilipofutwa, na hilo ndilo litoshalo kuonyesha ni nani aliyekuwa mwenye chama. Unguja na Pemba nako kilikuwako chama kilichoitwa cha wakulima wa karafuu, kilichopewa nguvu na sheria za Waingereza za 1934 na 1937. Jina lilikuwa la wakulima, mamlaka yalikuwa ya serikali.

Katika viwanda pia palijaribiwa. Mwaka 1970 Rais wa Tanzania alitoa waraka wa kuundwa kwa halmashauri za wafanyakazi katika mashirika ya umma, na mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukawakataza viongozi kuwa wajeuri na wafedhuli kwa walio chini yao. Wafanyakazi waliusoma Mwongozo kwa makini kuliko walivyotarajia walioutunga. Kutoka 1971 hadi 1973 palifuata migomo na kufungiana nje kwa wakuu, na chanzo mara nyingi hakikuwa mshahara bali matusi na kutosikilizwa. Lakini halmashauri zile zilikuwa za kutoa ushauri tu. Mtu akiulizwa rai yake kila mwezi na isifuatwe hata mara moja, mwaka wa pili hatakuja kikaoni, au atakuja kwa hasira.

Sisi Waislamu tungepaswa kulifahamu hilo kabla ya wengine, maana tunayo sura nzima katika Kitabu chetu iliyopewa jina la Shura. Twaisoma misikitini, twaitaja tukizungumza habari za makhalifa, kisha mtu afungua duka lake asubuhi na kumfokea mtumishi mbele ya wanunuzi. Mtume s.a.w. alihimiza mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wangapi katika sisi wenye maduka, wenye mashamba, na wenye watumishi wa majumbani, jasho la watu limekauka likawa chumvi na ujira bado? Akina mama, nanyi mumo: msichana apikaye na kufua kwenu ana hesabu iliyoandikwa, au ana ahadi?

Tuwarudie mafundi wetu. Ijumaa ya pili walirudi, na ami akaja nao. Mzee huyo alituambia jambo ambalo hapana hata mmoja aliyelijua: alikuwa ametoa zile fedha kwa nia ya kupata sehemu ya faida, lakini aliona haya kumwambia mtoto wa ndugu yake. Miaka miwili alisubiri apelekewe kitu, akaona kimya, akadhani biashara haikwenda. Basi tuliwakalisha. Wameafikiana kwamba tangu mwezi huu fedha za ami zihesabiwe kuwa mtaji wa mudharaba, yeye apate robo ya faida baada ya kutolewa kodi, umeme na mbao, na robo tatu ziwe za mafundi. Kuhusu miaka miwili iliyopita mzee amesamehe, tena mbele ya mashahidi. Hasara ya mbao mbichi itabebwa na yule aliyeziagiza bila ya idhini, kidogo kidogo, na wenziwe kwa hiari yao wamempunguzia nusu. Daftari liko moja, litakaa juu ya meza ya kazi, na ufunguo wa mfuko utazunguka kila miezi mitatu. Bei ya kazi kubwa na mkopo wowote haviamuliwi na mmoja. Watano wana kura tano, na ami hana kura katika uendeshaji wa kazi, kama ilivyo kanuni ya mudharaba, bali ana haki ya kuliona daftari siku yoyote.

Tulipokuwa tukitia sahihi tuliuliza juu ya yule kijana wa sita. Walitazamana. Katika karakana ile yumo mwanagenzi wa miaka kumi na saba, apigaye msasa, achemshaye gundi na kuzoa maranda jioni. Humpa chochote wapendacho siku wapendayo. Yeye hakuja mashauri, wala jina lake halikuwamo katika karatasi. Mmoja akasema bado anajifunza. Tukamjibu kuwa nao walijifunza, na kwamba kujifunza hakuondoi ujira wa kazi iliyokwisha fanywa. Wameomba wiki mbili zaidi wakalifikirie: apewe mshahara uliotajwa tangu sasa, na kwa muda gani, na lini awe mshirika kamili mwenye fungu na kura. Ukurasa wake katika daftari umeachwa wazi. Wasomaji waliowahi kufunza wanagenzi, khasa mafundi wa majahazi na washonaji, twawaomba watuandikie kabla ya toleo lijalo watueleze wao walifanyaje.